Mdudu na Mahali Pake: Hisia za Watu kwa Viumbe Wadogo katika Kiswahili na Lugha Jirani

Ikisiri

Watu wa Afrika Mashariki na eneo la Maziwa Makuu huwaogopa wadudu, huwala, huwaua na huwasifu, na mara nyingi hayo yote hufanyika ndani ya kaya moja. Makala hii inazichunguza hisia hizo kupitia majina. Inadai kwamba hisia ya mtu kwa kiumbe mdogo haitokani sana na umbile la kiumbe huyo bali na mahali wanapokutana: shambani, jikoni, kitandani au chini ya ngozi. Inadai pia kwamba jina la mdudu huandamana na kitenzi chake, yaani ruhusa ya kumtendea jambo fulani, na kwamba jina linapohamishiwa kwa mtu ruhusa hiyo huhama nalo. Mifano imechotwa katika Kiswahili, Kiganda na Kinyarwanda.

1.0 Utangulizi

Mwezi Februari 2020 makundi ya nzige wa jangwani yalivuka mpaka kutoka Kenya na kuingia Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda. Serikali iliwapeleka wanajeshi wakiwa na mabomba ya dawa mgongoni. Katika nchi hiyohiyo, kila ifikapo Novemba, watu wa Masaka na vitongoji vya Kampala husimamisha mabati marefu juu ya mapipa, huwasha taa kali na kukesha wakiwasubiri senene. Senene huvutwa na mwanga, hugonga mabati, huteleza na kuangukia mapipani. Kufikia alfajiri magunia yamejaa na bei imeanza kutajwa.

Nzige na senene ni ndugu. Wote wana miguu mirefu ya nyuma ya kurukia, wote hutafuna majani, wote husafiri kwa makundi usiku au mchana. Mtaalamu wa wadudu huwaweka katika kundi kuu moja pamoja na panzi na nyenje. Mtoto aliyeonyeshwa mmoja wa kila aina bila kuambiwa jina huenda asione sababu ya kumkimbia huyu na kumkaanga yule. Hata hivyo, mmoja amepokewa na jeshi na mwingine kwa kikaango.

Si haki kusema kwamba wanaoogopa nzige hawajui wanachokiogopa. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hukadiria kuwa kundi la nzige lililoenea katika kilomita moja ya mraba laweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80, na kwa siku moja likala chakula cha kuwatosha watu 35,000. Anayeicheka hofu hiyo hajawahi kulima. Swali la makala hii basi si kama hisia za watu kwa wadudu ni za busara au za kijinga. Swali ni jinsi lugha inavyozipanga hisia hizo, na zinakwenda wapi zinapomwacha mdudu.

2.0 Nani huitwa mdudu?

Kitabu cha shule humfafanua mdudu kuwa ni kiumbe mwenye miguu sita na mwili wa sehemu tatu: kichwa, kifua na tumbo. Kwa ufafanuzi huo buibui si mdudu, kwa kuwa ana miguu minane, nge vilevile, tandu na jongoo ndio kabisa. Mwanafunzi huyaandika hayo katika mtihani, akapata alama zake, kisha akarudi nyumbani ambako buibui, nge, tandu, jongoo, funza na minyoo wote ni wadudu. Hapo hapana ujinga wowote. Pana mifumo miwili ya uainishaji, na ule wa nyumbani una mantiki yake.

Mantiki hiyo huonekana katika matumizi ya neno lenyewe. Uvimbe wenye usaha kwenye ncha ya kidole huitwa mdudu wa kidole. Jino lililotoboka limeliwa na wadudu. Mtoto anayelia tumbo ana wadudu. Ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa hautajwi waziwazi, watu wengi nchini Tanzania walisema tu kwamba fulani ana mdudu, na kila aliyesikia alielewa. Katika miji hiyohiyo, nyama ya nguruwe nayo imepewa jina hilo kwa mzaha, na wanaoila ni wengi kuliko wanaokiri. Kazi iliyoharibika ni madudu. Mtu anayepenyeza maneno kati ya marafiki hadi wakagombana ni kidudu mtu.

Uvimbe, virusi, nyama na mchonganishi havina umbile linalofanana. Kinachoviunganisha ni kuingia: kila kimoja kimeingia, au kinadhaniwa kimeingia, mahali ambapo baadhi ya watu hawakitaki. Mwanaanthropolojia Mary Douglas, katika kitabu chake cha mwaka 1966 kuhusu usafi na hatari, alieleza kwamba uchafu ni kitu kilicho mahali pasipo pake: viatu si uchafu, ila vikiwekwa juu ya meza ya chakula. Maelezo hayo yanalifaa neno mdudu kuliko hesabu ya miguu. Kipepeo akiwa juu ya ua huitwa kipepeo. Ni nadra mtu kusema ameona mdudu. Kumbikumbi akiwa anaruka kuizunguka taa ya sebuleni ni mdudu anayesumbua. Akishakaangwa na kutiwa chumvi huwa kumbikumbi, na neno mdudu huondolewa kimyakimya. Hakuna mchuuzi wa senene anayeita wateja kwa kutangaza wadudu.

Sarufi nayo ina la kusema. Mdudu amo katika ngeli ya M-WA, pamoja na mtu, mgeni na mwalimu. Majina mengi ya wadudu mmojammoja yana maumbo ya ngeli nyingine, lakini upatanisho wake katika Kiswahili sanifu ni wa viumbe hai: kipepeo huyu ametua, mbu yule ameuma, viwavi hawa wamekula mahindi. Kiswahili kinamtambua hata kiroboto kuwa ni mwenye uhai. Lakini mzungumzaji akikereka ana njia ya kumwondolea hadhi hiyo. Husema kidudu hiki kimeniingia sikioni, au lidudu hili linatisha. Kwa kubadili kiambishi, kiumbe hushushwa kutoka safu ya wenye uhai hadi safu ya vitu. Njia hiyohiyo hutumika kwa binadamu, katika kijitu hiki na jitu lile. Ngazi ya kumshusha mdudu na ngazi ya kumshusha mtu ni moja, na kila mzungumzaji wa Kiswahili anazijua vidato vyake kabla hajaanza shule.

3.0 Jikoni

Hakuna mahali panapobadilisha hisia upesi kama jikoni. Kwa Waganda mwezi wa Novemba unaitwa Museenene, kwa jina la senene. Nsenene ni pia jina la mojawapo ya koo za Buganda, na watu wa ukoo huo hawamli mdudu huyo kwa kuwa ndiye mwiko wao. Hapa basi yuko mdudu ambaye jirani anamla kwa sababu ni mtamu, na mwingine hamli kwa sababu anamheshimu. Chuki haimo katika upande wowote. Kwa desturi ya zamani, wanawake ndio waliowakusanya senene na kuwaandaa, ilhali wao wenyewe hawakuruhusiwa kuwala. Ladha ilikuwa na jinsia, kama ilivyokuwa kwa mayai na kuku katika jamii nyingi za eneo hili. Leo wanawake wanawala, na wengi wao ndio wanaowauza.

Ng'ambo ya mpaka, katika mkoa wa Kagera, Wahaya huwanyonyoa senene mabawa na miguu, huwakaanga au huwakausha, na huwafunga vizuri kuwa zawadi kwa ndugu walio mbali. Mtu wa Bukoba anayeishi Dar es Salaam hupokea kifurushi hicho kama mtu wa pwani apokeavyo halua. Magharibi zaidi, katika masoko ya Kongo, viwavi waliokaushwa hupimwa kwa vikopo kando ya dagaa na uyoga.

Hisia hizi hujulikana vizuri zaidi pale mlaji na asiyekula wanapokaa meza moja. Mzaliwa wa Lamu anayekula pweza bila kufikiri mara mbili huweza kugeuza uso anapoona sahani ya senene. Mwenyeji wake wa Kampala, akimwona pweza mwenye mikono minane akichemka, naye atageuza uso. Kila mmoja anaamini kwamba kinyaa chake ni cha maumbile na cha mwenzake ni cha mazoea. Mwezi Novemba 2021 ilisambaa video ya abiria wakiuza senene ndani ya ndege iliyokuwa ikienda Dubai kutoka Uganda. Wapo Waganda walioona aibu na wapo waliocheka kwa fahari. Senene walikuwa walewale wa sokoni. Kilichobadilika ni mahali, na pamoja na mahali, macho ya wageni.

4.0 Methali, vitabu na kuenea kwa kinyaa

Katika mapokeo ya dini wadudu wana nafasi ya heshima. Kurani ina sura tatu zenye majina ya viumbe wadogo: ya nyuki, ya sisimizi na ya buibui. Mithali katika Biblia humtuma mvivu akajifunze kwa chungu, neno ambalo wasomaji wengi wa sasa hulitatizika, kwani chungu wanachokijua wao ni cha kupikia, na mdudu yule kwao ni sisimizi. Methali za Kiswahili nazo zinamjua nyuki: fuata nyuki ule asali. Sifa hizi zina masharti. Nyuki husifiwa kwa asali na sisimizi kwa bidii, yaani kwa kumfaa mtu au kumfundisha. Aliye hai kwa ajili yake mwenyewe tu hana methali ya kumtetea.

Methali mbili zinafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Ya kwanza ni kidole kimoja hakivunji chawa. Hutumika kuhimiza ushirikiano, na hakuna anayeisikia kuwa ya ukatili. Lakini umoja unaosifiwa humo ni umoja wa kuua, na kinachouawa hakihesabiki. Chawa huyo hachukiwi hata kidogo. Ametajwa tu kama kitu cha kuvunjwa. Ya pili ni mtupa jongoo hutupa na mti wake. Jongoo hana madhara makubwa kwa mtu. Akiguswa hujikunja, basi. Hata hivyo methali inamwondoa pamoja na kijiti kilichomgusa. Hiyo ndiyo tabia ya kinyaa inayokitofautisha na hofu. Anayeogopa nyuki hauogopi mti aliotua nyuki baada ya nyuki kuruka. Mwenye kinyaa hukitupa na kijiti.

Kwamba kinyaa hiki humfikia mtu kinaonekana kwa funza. Mdudu huyu ni mgeni Afrika: aliletwa kwa meli kutoka Amerika katika pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amelivuka bara hadi pwani ya mashariki. Leo hii hukaa katika mavumbi ya nyumba zenye sakafu ya udongo, akajichimbia chini ya ngozi za miguu. Mwenye funza huumia, na juu ya maumivu huongezewa aibu. Mtoto huchekwa shuleni hadi akaacha kwenda. Husemwa kwamba familia yake ni chafu, au imelogwa, wakati ambapo tofauti kati yake na wanaomcheka huenda ni mifuko michache ya saruji. Hapa hakuna sitiari yoyote. Mdudu yumo mguuni kwelikweli, na mtu mzima amekuwa kijiti cha jongoo.

5.0 Jina linapohamia kwa mtu

Kila jina la mdudu lina kitenzi chake. Chawa huvunjwa. Kupe hung'olewa. Mende hupondwa. Kunguni humwagiwa maji ya moto. Nzi hufukuzwa, mbu hupigwa kofi, senene hunyonyolewa, asali ya nyuki hurinwa. Mzungumzaji hajifunzi jina kwanza na kitenzi baadaye, huvipokea pamoja. Ndiyo maana kumwita mtu kwa jina la mdudu si sawa na kumwita simba au fisi. Fisi ana kitenzi chake pia, lakini fisi ana ukubwa wa kukimbiwa.

Kiswahili cha Tanzania kina mifano miwili inayotofautiana sana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno kupe lilijaa katika hotuba, magazeti na katuni kama jina la mnyonyaji. Wafugaji walilielewa mara moja: kupe hunyonya damu ya ng'ombe na kumwachia ndigana. Ni sitiari yenye nguvu kwa sababu inataja tendo. Mtu aweza kuacha kunyonya, na kwa mantiki ya Azimio akawa mjamaa. Lakini tendo na mtendaji havikukaa mbalimbali kwa muda mrefu. Neno lilielekezwa mara nyingi kwa wafanyabiashara na wenye majumba, wengi wao wenye asili ya Asia, na kuna mahali lilipoacha kuuliza nani ananyonya na likaanza kuonyesha nani ni nani.

Mfano wa pili ni wa miaka ya karibuni, na ni wa ajabu. Chawa sasa ni mtu anayemganda tajiri, msanii au mwanasiasa na kumsifu usiku na mchana ili apate riziki. Lilianza kuwa tusi. Sasa wapo wanaojitangaza hadharani kuwa chawa wa fulani, kwa fahari, na baadhi yao hukasirika wakiitwa kitu kingine. Wengine huona hapa dalili kwamba majina ya wadudu hayana madhara yakitumiwa kwa utani. Tafsiri hiyo ni ya haraka. Anayejiita chawa analishika jina mwenyewe, na aweza kuliweka chini kesho akipata kazi nyingine. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kuitwa.

Kinyarwanda ndicho kilicholipa gharama ya tofauti hiyo. Neno inyenzi, ambalo maana yake ya msingi ni mende, lilianza kutumika katika miaka ya 1960 kwa wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa wakimbizi na kushambulia kutoka nchi jirani. Asili ya matumizi hayo ilijadiliwa mahali ambapo wanaisimu hawaitwi mara kwa mara: mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, mjini Arusha. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa hukumu Septemba 1998, mwanaisimu Mathias Ruzindana alitoa ushahidi wa kitaalamu kuhusu maana ya maneno kadhaa ya Kinyarwanda, inyenzi likiwemo. Hukumu ilirekodi maelezo mawili. Kwa maelezo ya kwanza, jina lilikuwa kifupisho cha msemo wa kujisifu kuwa wapiganaji bora. Kwa ya pili, lilitokana na mienendo ya wapiganaji hao iliyofanana na ya mende.

Maelezo yote mawili yaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, na hilo ndilo linaloogofya. Jina ambalo huenda baadhi walilibeba kwa fahari, kama chawa wa leo, lilikuwa tayari na maana nyingine ndani yake, ikisubiri mtu wa kuitumia. Gazeti la Kangura na kituo cha redio cha RTLM, kilichoanza kutangaza Julai 1993, viliitumia. Jina la wapiganaji likatandazwa juu ya Watutsi wote, wakiwemo watoto na vikongwe ambao hawakuwahi kushika silaha. Mpiganaji hujulikana kwa analolifanya. Mende hujulikana kwa alivyozaliwa, na mende mdogo ni mende. Kati ya Aprili na Julai 1994 waliuawa watu zaidi ya 800,000.

Ingekuwa kosa kudai kwamba neno ndilo lililoua. Kulikuwa na mapanga, vizuizi vya barabarani, orodha za majina na viongozi waliotoa amri. Lakini ingekuwa kosa pia kuliona neno kuwa pambo tu juu ya mauaji ambayo yangetokea vilevile bila lenyewe. Neno lilileta kitenzi. Liliwapa watu wa kawaida, waliokuwa hawajawahi kuua jirani, kumbukumbu ya mkono: jambo ambalo kila mmoja alishalifanya jikoni kwake bila kuhesabu dhambi. Mahakama ile ya Arusha, katika hukumu ya Desemba 2003 dhidi ya wakuu watatu wa vyombo hivyo vya habari, iliyapa maneno hayo uzito wa ushahidi, ingawa sehemu ya hukumu hiyo ilipunguzwa katika rufaa mwaka 2007.

6.0 Mfasiri na mende

Jambo hili lina upande wa kiutendaji kwa wasomi wa Kiswahili. Maandishi kuhusu Rwanda yanatafsiriwa kwa Kiswahili mwaka hadi mwaka, na Kiswahili ni lugha rasmi nchini humo tangu 2017. Mfasiri anayekutana na inyenzi ana njia mbili, na zote zina hasara. Akiandika mende, msomaji wa Mombasa au Morogoro hupata mdudu wa kabatini, anayechekesha kidogo, asiye na miaka 30 ya historia nyuma yake. Akiliacha neno lilivyo, msomaji huyo huona jina la kigeni kama majina ya vyama na majeshi, na kinyaa chote kilichokuwa kazi ya neno hilo hupotea. Hukumu za Arusha zililiacha neno lilivyo na kulieleza. Njia hiyo inafaa zaidi, mradi maelezo yatangulie, yataje mdudu kwa jina lake la Kiswahili, na yaseme waziwazi kwamba hivyo ndivyo waathirika walivyoitwa.

Watunga kamusi wana deni lao pia. Fasili ya mdudu kama chawa, kupe au mende hueleza umbo, rangi na madhara, kisha huongeza maana ya kitamathali kwa neno moja au mawili. Nafasi inatosha kueleza nani humwita nani hivyo, na kama aliyeitwa aweza kulikataa jina.

Katika Kinyarwanda hakuna kamusi inayoweza kulistaafisha neno hili, kwa sababu mende hawakuondoka mwaka 1994. Mtu wa Kigali anayewasha taa ya jikoni usiku na kumwona mdudu yule wa kahawia akikimbilia nyuma ya kabati hana budi kumtaja ili mwenzake alete kandambili, na jina analolitumia bado ni lilelile.